Kidole Gumba

Kwangu mimi kipimajoto ni kidole gumba.
Nakikandamiza kwenye mpira, nakiondoa, nangoja.
Kishimo kikijaa taratibu, kama shavu la mtoto aliyelala,
tairi liko macho.
Likikataa kabisa kubonyea
umefunga kwato, hukufunga tairi.

Hayo nayajua. Niliyajua hata siku ile
Sigilai alipoleta Subaru yake ya buluu
kibandani kwangu, nyuma ya Shabab,
saa saba mchana, jua la Machi likikaanga mabati.
Matairi manne: mapana, meusi, yametulia kama paka wa tajiri,
mifereji michache, ya kuhesabika,
mpira uliopikwa kwa ajili ya joto.
Lami ikichemka ndipo yanapoing'ang'ania
kama kupe sikioni mwa ndama.
Akaenda nayo hadi Lanet, akarudi, macho yamemtoka:
"Kona hazipo tena, Kwamboka.
Unaiwaza tu, gari limeshapita."

Nikahesabu noti zake.
Kati ya elfu ya kumi na sita na ya kumi na saba
nikasema, ila kule juu, alfajiri, nenda pole.
Nilisema kama mtu anayepiga chafya kanisani.
Kodi ya kibanda ilikuwa imepitisha siku tisa.

Aprili. Saa kumi na moja na nusu, bado giza, simu.
Hakulia. Alisema tu, gari halikunisikia.

Nikapakia manne ya kawaida, makuukuu, membamba,
ambayo wateja huyapita kama mashemeji maskini,
mifereji yake bado inameza sarafu ya kumi hadi nusu.
Pikapu ya Wekulo ikapanda: Salgaa, Sachangwan,
masikio yakiziba,
kioo kikifuka pumzi zetu wenyewe.

Mau Summit. Mvua ya mawe ya usiku haijayeyuka,
imetapakaa kama chumvi ya gunia lililopasuka.
Nilimsoma Sigilai kwenye lami:
hapa alikanyaga breki;
hapa maji yalikuwa yamejikusanya, na ule upana wa kuringia
ukakaa juu yake kama jani;
kisha hakuna alama yoyote,
hatua ishirini na mbili za kutokuwapo,
kisha matope, kisha pareto iliyolazwa chini,
kisha Subaru, nzima, imegeuka
inatazama Nakuru ilikotoka.

Naye ameketi ukingoni, amejifunika kapeti ya buti.
Mzima, isipokuwa mdomo alioung'ata.

Niliinama. Nikakandamiza.
Ukwato.
Nikakandamiza tena hadi ukucha ukawa mweupe.
Nikaligonga kwa spana, likajibu ko, kama chupa tupu.
"Limekufa?"
"Limelala. Lililala Salgaa, wewe ukaendelea."
Nilikuwa na mengine ya kusema,
ya mwezi wa Machi, ya elfu ya kumi na saba.
Nikasema, shika jeki.

Tukafunga yale makuukuu, vidole vikifa kimoja kimoja.
Kushuka, aliendesha mwenyewe. Sikumzuia.
Maji yaliingia kwenye mifereji, yakatokea pembeni,
tukiyasikia chini yetu yakitafunwa, yakitemwa.
Kona zote zilikuwepo.
Tulizipita moja moja, kwa urefu wake wote.

Saa saba mchana niliyaegemeza yale mapana ukutani, juani.
Aliniachia. Hakudai hata shilingi,
na hilo ndilo lililonikaa kooni pamoja na chai.
Nilipomaliza kikombe nikajaribu tena.
Kidole kikazama. Kishimo kikajaa taratibu,
laini, vuguvugu, shavu lilelile,
kana kwamba halikupanda nasi kokote.

Kijana wa Mazda nyekundu akapunguza mwendo,
akashusha kioo, akauliza bei.
Nikajifuta mikono.
Nikaanza na mlima.